Kiwanja cha Nyuma ya Mochari

Vijana wangu wa ofisi, siku mliyonikatia keki ya kuniaga mliniomba niandike machache kuhusu kazi. Nafikiri mlitarajia ukurasa mmoja wa kuwatakia kila la heri. Poleni. Nimekaa hapa nyumbani, mtaa wetu wa West Indies, majuma kadhaa bila mtu wa kumsumbua, na mume wangu amechoka kunisikiliza, kwa hivyo mtasoma yote. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa kuja, na vilipokuja niliendelea kuvaa gamubuti zilezile. Nitawaambia kuhusu jikoni za watu, kuhusu friji, kuhusu Mzee Kosgei aliyenifundisha kazi, na kuhusu kile kiwanja cha changarawe nyekundu ya murram nyuma ya mochari ambacho nusura tukipoteze. Wengi wenu mnapita hapo kila siku na hamjui kilitoka wapi.

Nilipoajiriwa, ofisi ya mipango ya usafiri ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilikuwa halifunguki. Kazi ilikuwa ileile mnayofanya leo: kukisia miaka inayokuja watu watakuwa wanaenda wapi, siku gani na kwa nini, ili njia za miguu, steji na barabara ziwekwe mahali zitakapohitajika. Nilikuwa msichana kutoka upande wa Bungoma, nina viatu vipya vinavyobana na imani kubwa kwamba ukimuuliza mtu swali atakujibu. Mzee Kosgei, mkubwa wa wahoji, mtu mrefu wa kofia ya rangi ya udongo, alinipa fomu zangu na kunituma Ainabkoi.

Mama wa nyumba ya kwanza alinikaribisha vizuri. Nikamuuliza anasafiri mara ngapi kwa wiki. Akaniambia hajasafiri tangu alipoolewa. Nikaandika sifuri, nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili, na huko nako nikaandika sifuri. Jioni Mzee Kosgei alizipitia fomu zangu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa kusikia kwangu, kijiji kizima kilikuwa kimekaa kitako tangu uhuru. Kumbe kwa yule mama kusafiri ni kubeba begi na kulala ugenini. Kwenda sokoni, kupeleka maziwa barabarani na kwenda kusagisha mahindi ni kutoka tu, na kutoka hakuulizwa.

Kesho yake alinirudisha kwa mama yuleyule. Hakukaa sebuleni. Alipiga hodi kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye kigoda, akapokea kikombe cha mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, akaanza kuzungumza habari za mvua. Mimi nilikuwa nimeshatoa kalamu. Alinitazama mpaka nikairudisha mfukoni. Kikombe kilipokwisha ndipo akauliza mambo matatu, moja baada ya jingine, kama mtu asiye na haraka: maji ya hapa yanatoka wapi, moto unatoka wapi, habari inatoka wapi. Tulipotoka nje tulikuwa na safari za wiki nzima za watu wote wa boma lile, pamoja na za mbwa.

"Nasimiyu," aliniambia njiani, "mtu hajui safari zake. Jiko lake ndilo linazijua."

Hiyo ndiyo kazi nzima, na kama mna haraka mnaweza kuacha kusoma hapa. Ukiona madumu mlangoni unajua kuna mtu anaenda mtoni, na mara nyingi ni msichana. Ukiona kuni zimepangwa ukutani unajua kuna siku ya msitu. Redio ikiwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, unajua mwenye nyumba hurudi mapema kusikiliza matangazo ya vifo. Bomba la maji lilipoingizwa hapa West Indies, wasichana waliokuwa wakipanga foleni kwenye kioski cha maji walianza kuonekana mjini saa za mchana, na mafundi cherehani wakapata wanafunzi ambao hakuna aliyewatarajia. Hakuna barabara iliyokuwa imejengwa. Lilikuwa bomba tu.

Mtanisamehe nikisema kidogo kuhusu vifaa, maana siku hizi mnabeba simu peke yake. Sisi tulibeba mwavuli, ubao wa kuandikia, penseli badala ya kalamu kwa sababu ya mvua, na sukari. Sukari ilikuwa kifaa muhimu kuliko vyote. Huingii jikoni kwa mtu mikono mitupu, na ukikataa chai umejinyima majibu. Mzee Kosgei aliamini kwamba mhoji ambaye tumbo lake haliwezi vikombe vingi kwa siku aende akafanye kazi benki.

Cheptiret ndiko nilikopata kesi yangu ya kwanza ngumu. Chama kimoja cha wafugaji kilikuwa kinaleta tenki ya kupoza maziwa, na ofisini tukaulizwa kama kibanda cha abiria kando ya barabara kuu bado kinahitajika, kwa kuwa sasa akina mama hawatasimama hapo alfajiri na vibuyu na madumu wakisubiri wanunuzi. Kila mtu alisema hakihitajiki. Mimi nikaenda kukaa jikoni. Mama mmoja aliniambia kwamba maziwa yakishachukuliwa hapo karibu, asubuhi yake itakuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu azae, na aliniorodheshea kwa vidole mambo ambayo angeyafanya mjini: jino, benki, dada yake aliyelazwa. Nikaandika kwamba kibanda kibaki na kiongezwe benchi, maana watu watasimama hapo saa nne badala ya saa kumi na moja. Kilibaki. Benchi lake limejaa hadi leo, na nikipita hapo huwa namwonyesha mume wangu kama vile ni nyumba niliyojenga mimi.

Sasa niwaambie kuhusu Ijumaa.

Kulikuwa na hospitali moja mjini ambayo mochari yake ilikuwa chumba kidogo cha saruji. Ukifiwa ulizika upesi. Aliyefariki Jumanne alizikwa Jumatano au Alhamisi, na waliomzika walikuwa wale walioweza kufika kwa miguu. Mzee Kosgei, ambaye watu wake walikuwa wakizika haraka na kwa kimya, alikuwa na mazoea ya kunitania kwamba sisi watu wa magharibi tunapenda matanga kuliko harusi. Nami nilimjibu kwamba angalau sisi tunapika.

Kisha mochari ikaletewa friji kubwa. Halikuwa jambo la ofisi yetu hata kidogo. Friji haina magurudumu. Lakini baada ya muda tukaanza kuona ile barabara ya hospitali inaziba kila Ijumaa, na wakubwa wakadhani ni malori ya mahindi. Tukatumwa kuangalia, mimi na Mzee, mvua ikinyesha.

Tulichokuta sijawahi kukisahau. Familia moja ilikuwa imetoa mwili wa baba yao na ilikuwa inasubiri gari la jamaa kutoka Nairobi ndipo msafara uondoke. Hawakuwa na mahali pa kusubiri. Walisimama ukingoni mwa lami, jeneza limewekwa juu ya viti viwili vya kukunja, na kila lori lililopita liliwarushia matope. Mjane alikuwa amevua leso yake akaitandaza juu ya jeneza, na kila ikichafuka aliigeuza. Nyuma yao kulikuwa na familia nyingine, na nyuma ya hiyo nyingine, foleni ya wafu barabarani. Mzee Kosgei alivua kofia akasimama nayo mkononi kwenye mvua. Mimi nililia, na sikuona haya.

"Hakuna mtu aliamua Ijumaa iwe hivi," alisema tuliporudi garini. "Ni ile friji imeamua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baridi ilimpa marehemu uwezo wa kusubiri mpaka Jumamosi. Akisubiri, mtoto aliye Mombasa anaweza kufika, na akiweza kufika hana kisingizio cha kutofika. Mazishi ya majirani yakawa mazishi ya nchi nzima, na yote yakaangukia siku moja. Jioni ile niliongeza swali la nne kwenye yale matatu ya Mzee: baridi inatoka wapi. Alilitazama, akalisema kwa sauti mara mbili, akaanza kulitumia kuanzia kesho yake bila kunitaja. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa sana, na mimi niliipokea hivyo.

Nyuma ya mochari kulikuwa na ardhi ya umma iliyoota majani. Tulihangaika nayo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka, ofisi moja hadi nyingine, mpaka ikatengwa kuwa mahali pa familia kukusanyika. Tukapata murram, mtaro, bomba la maji na mti mmoja wa kivuli ambao mbuzi walijaribu kuula mara kadhaa. Ijumaa ya kwanza kiwanja kilipotumika, Mzee Kosgei alikaa garini mbali kidogo akitazama magari yakiingia na kupangana. Barabara ilikuwa wazi. Kisha akaninunulia chakula cha mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Simu za mkononi zilipokuja, wataalamu wengi walituambia safari zitapungua, kwa kuwa mtu atasalimia kwa simu na kutuma rambirambi kwa simu. Sisi tulikuwa na maswali yetu manne. Tangazo la redio lilikuhitaji uwe nyumbani saa ya tangazo. Simu inakukuta hata shambani. Zamani ungeweza kusema kwa moyo safi kwamba habari hazikukufikia. Simu iliua udhuru huo. Kiwanja kikajaa zaidi.

Mzee alistaafu wakati huo, akarudi kwake Ainabkoi kufuga kondoo. Siku ya kuondoka alituambia kwa kiburi kabisa kwamba yeye akifa azikwe kesho yake, kimyakimya. "Mimi sitaki kuongeza magari kwa barabara yangu," alisema.

Nikaja kuwa mimi mkubwa wa wahoji, na miaka ikaenda. Kisha ikaja korona, na mnakumbuka wenyewe: mazishi ya watu wachache, kila mmoja amefunga uso, na wengine wote wakitazama kwa simu. Korona ilipopungua, kamera zilibaki. Kila matanga yana kijana mwenye kamera akirusha moja kwa moja. Hapo ndipo kiwanja chetu kilipoingia hatarini. Palitokea pendekezo la kukitoa kwa kituo cha mafuta, na kamati ikataka makisio ya ofisi: je, miaka ijayo watu wataendelea kuja mochari kwa misafara, au wameshazoea kutazama? Kazi ya kuandika makisio hayo ilipewa Brian, ambaye mnamjua, na ambaye wakati huo alikuwa mgeni kwetu. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu.

Brian alikuwa hodari na alikuwa na adabu, kwa hivyo kumchukia kulinishinda, ingawa nilijaribu. Aliniwekea kompyuta mbele yangu akanionyesha kiwanja kikiwa kitupu.

"Madam, mimi sina shida na wafu," alisema. "Lakini data inaonyesha hii ploti inakaa empty siku nyingi za wiki. Na watu sasa wanaangalia live. Hiyo trend itashuka tu."

Nilimwambia sina ugomvi na kompyuta yake, ila anunue sukari tuende.

Nyumba ya kwanza haikuwa mbali na kwangu. Mama Sella hufua nguo za watu, na alitoka Vihiga akiwa msichana. Aliishi chumba kimoja, na jikoni kwake ni ile kona yenye meko ya gesi. Tulikunywa chai. Nilipomuuliza habari inatoka wapi alionyesha simu iliyokuwa ikichaji juu ya ndoo. Akatueleza bila kuombwa kwamba kaka yake alifariki wakati wa korona, naye hakuruhusiwa kwenda.

"Niliona wakimteremsha kwa hii simu," alisema. "Bando ikaisha kabla waweke mchanga. Mpaka wa leo mimi bado sijamzika."

Kisha akasema kwamba tangu njia zifunguliwe alikuwa amekwenda nyumbani Desemba, akaenda tena Pasaka, kusimama tu hapo kaburini, na kwamba angeenda tena. Brian aliacha kuandika. Simu haikuwa imemwondolea Mama Sella safari. Ilikuwa imemwachia deni la safari ambalo alikuwa analipa kidogo kidogo.

Tulienda nyumba nyingi, na Brian akajifunza kunywa mursik bila kukunja uso. Cheptiret mwalimu mmoja mstaafu alitueleza jambo ambalo lilimfanya kijana wangu acheke kwa sauti: kwamba kamera huzungushwa tenti yote, safu kwa safu, na ukoo mzima ulioko mbali unakaa ukitazama nani hayupo. Zamani aliyekosa matanga alijulikana na wachache. Sasa anajulikana mpaka ng'ambo. Yeye mwenyewe, licha ya goti bovu, hakukosa hata moja.

Lakini niwe mkweli kuhusu Brian, maana naye alikiona kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Kila nyumba aliuliza swali lake mwenyewe, kuhusu ile mikutano ya jioni ya kupanga mazishi, wiki nzima kwa mfiwa. Na kila nyumba ilimjibu kwamba siku hizi kamati hukutana kwa grupu la simu, na michango hutumwa. Safari hizo za jioni, za Jumatatu hadi Jumatano, zilikuwa zimekufa kweli na hazitarudi. Nilikuwa nimekaa nikilinda Ijumaa mpaka nikasahau kutazama Jumatatu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa nusu ya kwanza ya wiki, na jikoni zangu zilikuwa sahihi kwa nusu ya pili.

Yeye ndiye aliyepata suluhisho. Aliandika kwamba kiwanja kisiuzwe wala kisikodishwe, ila Jumatatu hadi Jumatano kiwe soko la wauza mitumba waliokuwa wakifukuzwa kando ya barabara, na Alhamisi asubuhi kifagiliwe kiwe cha wafiwa. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza ana ushahidi gani kwamba misafara haitakwisha. Brian alimweleza kuhusu Mama Sella, pole pole, mpaka pale bando lilipomwishia mama yule kabla ya mchanga. Kituo cha mafuta kikatafutiwa mahali pengine. Nilitoka pale nimejaa fahari kama mama aliyeozesha, na kama mliniona nikitembea kwa maringo koridoni wiki ile, sasa mnajua sababu.

Mzee Kosgei alifariki muda mfupi baada ya mimi kustaafu, na alifariki Jumatatu. Mkewe, Mama Chepkoech, aliwakumbusha watoto kwamba baba yao alitaka kuzikwa kesho yake. Watoto wakasema kuna binti yuko ng'ambo, asubiriwe afike. Friji ile aliyoisoma maisha yake yote ilimshinda mwishowe, akasubiri mpaka Jumamosi kama kila mtu. Ijumaa tulikusanyika kiwanjani. Wauza mitumba walikuwa wamefagia, na mmoja wao alikuwa amebaki kuonyesha magari pa kuegesha. Mvua ilianza, lakini hakuna tope lililolifikia jeneza. Niliweka mkono juu ya mbao nikamwambia kimoyomoyo kwamba barabara iko wazi.

Jumamosi nilifika Ainabkoi nimebeba sukari. Watu walikuwa wengi kuliko alivyopenda, tenti zimepita hata zizi la kondoo. Miguu yangu, kwa mazoea, ilinipeleka jikoni kwanza kusalimia wapishi na kuacha mzigo. Moto ulikuwa unawaka, sufuria ya wali inachemka, na hapakuwa na mtu. Juu ya meza kulikuwa na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, ikionyesha mazishi moja kwa moja, ili wapishi wasipitwe na ibada wakiwa kazini.

Nilisogea nikaitazama. Kamera ilikuwa inapita safu kwa safu. Nilimwona Mama Chepkoech ameshikwa mkono na binti aliyetoka ng'ambo. Nilimwona Brian amevua kofia. Kisha, karibu kabisa na kaburi, niliwaona wapishi wenyewe, aproni bado viunoni, mmoja bado ameshika mwiko. Simu ilikuwa inaonyesha matanga kwa sufuria peke yake. Nilicheka, na machozi yakanitoka hapohapo, maana mtu mmoja tu angelielewa jiko lile bila kuelezwa, naye ndiye aliyekuwa anateremshwa.

Nikautoa wali motoni usiungue. Nikaizima simu, nikatoka nje kumzika mwalimu wangu.